Lusini Mafia: Kabla ya kununua mbegu, tazama udongo na mawingu

MAFIA ni kisiwa cha mvua. Masika yakishika, kati ya Machi na Mei, majani chini ya minazi humfika mtu mzima magotini, na ng'ombe aliyefungwa kamba asubuhi huwa ameshiba kabla ya adhuhuri. Kwa mwaka mzima kisiwa hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua, kiwango ambacho mfugaji wa Dodoma, anayepata kama milimita 570 tu, anaweza kukisikia kama hadithi.

Hata hivyo, ifikapo Agosti na Septemba, kusi likiwa limekausha ardhi ya mchanga, ng'ombe yule yule huanza kuhesabika mbavu. Majani bado yapo, tena mengi, lakini yamekomaa, yamekuwa vijiti. Mnyama hula kutwa nzima na jioni hana maziwa ya kumtosha hata ndama wake. Ni njaa ndani ya wingi, na ndiyo inayowafanya wafugaji wa Kirongwe, Baleni, Kanga na Bweni waone kwamba ufugaji wa ng'ombe wa maziwa kisiwani humo ni kazi ya nusu mwaka.

Tiba inayotajwa haraka ni hei, yaani majani yaliyokatwa yangali mazuri, yakakaushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Na hei inayosifiwa kuliko zote duniani ni ya alfalfa, ambayo wafugaji wengi wa Tanzania huiita lusini. Swali ni kama mfugaji wa Mafia atumie fedha zake kununua mbegu hiyo, au kuna njia nyingine iliyo karibu zaidi na mlango wake.

Sifa inazostahili

Lusini ni mmea wa jamii ya mikunde. Mizizi yake huzama mita kadhaa ardhini, hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria waliomo katika vinundu vya mizizi, na shamba likitunzwa vizuri huvunwa kwa miaka 3 hadi 5 bila kupanda upya. Katika maeneo ya joto yenye maji ya kutosha hukatwa kila baada ya wiki 4 hadi 5. Wakati mwafaka wa kukata ni pale mashina machache, kama moja katika kila 10, yanapoanza kutoa maua. Ukisubiri shamba zima lichanue upate uzito mkubwa, unapata uzito wa vijiti.

Utajiri wake umo kwenye majani. Hei nzuri ya lusini ina protini ya asilimia 18 au zaidi, wakati hei ya kawaida ya nyasi ina kati ya asilimia 6 na 8. Tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi. Wadudu wasioonekana kwa macho waliomo tumboni mwa ng'ombe, ambao ndio wanaoyeyusha majani, huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 7 hivi ili wafanye kazi yao. Chakula kikishuka chini ya hapo, kazi hupungua, majani hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hula kidogo zaidi hata kama amewekewa mlima wa nyasi. Ng'ombe wa Mafia wa mwezi Septemba yuko hapo hasa.

Kwa hiyo anayeitamani lusini hajakosea kuhusu kinachokosekana. Kinachokosekana ni protini, na lusini inayo.

(Neno moja kuhusu majina, kwani dukani huleta hasara. Lusini ni mmea mfupi wenye maua ya zambarau. Lusina, ambayo wengine huiita lukina, ni mti. Mbegu zake hazifanani hata kidogo: za lusini ni ndogo kiasi kwamba gramu moja hubeba zaidi ya 400. Anayeuziwa mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa, bapa kama za tikiti, amenunua mti.)

Udongo usioijua

Tatizo linaanzia ardhini. Lusini hupenda udongo usio na tindikali, wenye pH ya 6.5 hadi 7.5, wenye kina kirefu na usiotuamisha maji. Ndiyo maana hapa Afrika Mashariki imekubali vizuri kwenye udongo wa volkano wa Arusha na Kilimanjaro, na kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Naivasha nchini Kenya.

Sehemu kubwa ya Mafia ni mchanga. Mchanga uliooshwa na mvua nyingi kwa miaka mingi hupoteza chokaa na rutuba na kuelekea kwenye tindikali, na bakteria wa lusini huwa hawaishi vizuri humo. Upande wa mashariki, kuelekea Utende na visiwa vya Juani na Jibondo, kuna mawe ya matumbawe ambayo yana chokaa tele, lakini hapo mzizi uliozoea kwenda mita 2 hukutana na jiwe kabla haujafika sentimita 30. Ama kwenye mabonde ambako udongo ni mzito na mpunga hustawi, masika hutuamisha maji, na mizizi ya lusini iliyokaa ndani ya maji siku chache huoza.

Inawezekana kurekebisha. Chokaa hununuliwa, mbolea ya fosfeti hununuliwa, bakteria maalumu wa kuchanganya na mbegu huagizwa, na magugu, ambayo katika joto na unyevu wa pwani hukua haraka kuliko miche hiyo midogo, hupaliliwa kwa mkono. Kila kimoja kati ya hivyo kinafika Mafia kwa chombo cha baharini au kwa ndege. Anayetaka kujaribu hakatazwi: kitalu cha mita 10 kwa 10 kinatosha kumwonyesha ukweli ndani ya mwaka mmoja. Lakini kung'oa kitu kingine ili kupanda ekari nzima ya lusini kabla ya jaribio hilo ni bahati nasibu.

Kilichowapata wa Ghuba

Wapo watakaosema: mbona Waarabu wanailima jangwani? Ni kweli, na Mafia ina sababu ya kulisikiliza jibu lake, kwani sehemu kubwa ya minazi ya kisiwa hiki ilianza na mashamba ya Waarabu wa Omani katika karne ya 19. Huko Omani lusini huitwa qat (si mirungi, ingawa majina yanafanana) na imekuwa chakula cha mifugo cha bustani za tende kwa vizazi vingi.

Jangwani udongo hauna tindikali, jua ni la uhakika na hei hukauka haraka. Kinachokosekana ni maji, na maji yalichotwa ardhini. Katika ukanda wa pwani wa Batinah nchini Omani, visima vilivyopigwa pampu kupita kiasi vilivuta maji ya bahari, na mashamba mengi yakaingiwa na chumvi. Saudi Arabia, baada ya kumwaga akiba kubwa ya maji ya chini ya ardhi kwenye ngano na majani ya mifugo, iliamua mwaka 2015 kusitisha kilimo cha majani hayo katika mashamba makubwa ndani ya miaka 3. Kampuni yake kubwa ya maziwa, Almarai, ilikuwa tayari imekwenda kutafuta maji ya wengine: mwaka 2014 ilinunua kama ekari 9,800 huko Vicksburg, jimbo la Arizona nchini Marekani, kwa dola milioni 47.5, ili kulima lusini na kuisafirisha kwa meli hadi nyumbani. Wananchi wa Arizona, ambao nao wanaishi jangwani, walilalamika, na Oktoba 2023 serikali ya jimbo hilo ikatangaza kusitisha mikataba ya ardhi ya umma iliyokuwa imekodishwa kwa kampuni tanzu ya Almarai.

Mafia ina mvua, lakini kisima chake kina hatari ile ile ya Batinah. Maji matamu ya kisiwa hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni ya wataalamu wa maji ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna kama mita 40 chini yake. Maana yake ukiishusha ile mita moja ya juu kwa pampu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kasi isiyolingana na ulichochota. Kumwagilia lusini wakati wa kiangazi, ambapo ndipo ingehitaji maji kuliko wakati wowote, ni kushindana na ndoo za akina mama kwenye kisima kile kile.

Kukausha ndiko kazi

Tuseme basi mfugaji ameachana na lusini na kuamua kutengeneza hei ya nyasi zilizopo. Hapo anakutana na kikwazo ambacho vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu hukipita haraka.

Majani mabichi yana maji ya asilimia 75 hadi 80. Hei salama ina maji ya asilimia 15 hadi 18. Kwa hesabu ya kawaida, kilo 100 za majani mabichi hutoa kama kilo 26 za hei, na zile 74 ni maji yanayotakiwa kuondoka kwa jua na upepo. Ekari moja inayotoa tani 1.2 za hei inatakiwa kupoteza karibu tani 3.4 za maji, tena katika hewa ya kisiwa ambayo usiku huyarudisha baadhi yake kama umande.

Sasa angalia kalenda. Mwezi Mei majani ya Mafia ni laini na yana protini nzuri, lakini mvua haijaisha na hakuna siku 3 mfululizo za jua la kutegemea. Agosti jua na upepo vipo, lakini majani yameshakuwa vijiti, na kuyafunga marobota ni kuhifadhi njaa. Hapa ndipo wengi hushindwa. Wanakata Agosti kwa sababu ndipo ilipo nafasi, wanapata hei ya rangi ya makuti, ng'ombe anaikataa, na jirani anasema hei haifai Mafia.

Njia ya kutoka ni kuyadanganya majani yajione machanga katika mwezi wenye jua. Kipande kilichotengwa kwa ajili ya hei kiliwe na ng'ombe au kifyekwe chote katikati ya Mei, kisha kifungwe kabisa. Mvua za mwisho za masika huotesha majani mapya, ambayo mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai huwa na umri wa wiki 6 hadi 7, yaani yanaanza kutoa mashuke. Hapo kusi limekwisha kukaza na siku za jua zimerudi. Uzito utakaopatikana ni mdogo kuliko wa kuacha majani yakue moja kwa moja toka Machi, lakini kilo yake ina thamani karibu mara mbili kwa mnyama.

Siku ya kukata ianze asubuhi baada ya umande kukauka, si alfajiri. Fyekeo au mundu mkali unatosha kwa eneo la ekari moja au mbili. Usikate chini ya sentimita 7, kwani kisiki ndicho kinachochipua tena. Majani yaliyotandazwa kwa wembamba yageuzwe mara 2 hadi 3 siku ya kwanza. Jioni yakusanywe matuta madogo ili umande uguse ya juu tu, kisha asubuhi yatandazwe tena. Pale mawingu yanapotishia, vichanja vya miti mitatu iliyofungwa kileleni, na fito za mlalo mita moja kutoka ardhini, huokoa kazi yote: majani hutundikwa juu yake kama paa, upepo hupita chini, na mvua ya manyunyu huteleza nje. Ni teknolojia ya zamani sana, na katika pwani yenye unyevu bado inaishinda mashine.

Namna ya kujua kama hei imekauka haihitaji kifaa. Kwangua shina kwa ukucha. Ganda likibanduka, bado. Chukua konzi moja ukatekate, utie kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na kijiko cha chumvi kavu, uifunge na kuitikisa kwa dakika mbili. Chumvi ikishikamana na majani au kuganda kwenye kioo, rudisha juani. Anayepuuza hatua hii hulipa baadaye. Hei yenye unyevu hupata joto ndani ya lundo, huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuacha sumukuvu. Lundo kubwa likizidi kupata joto linaweza kuwaka moto lenyewe. Banda la makuti lenye hei mbichi ndani yake ni kiberiti kinachosubiri.

Kufunga marobota nako hakuhitaji trekta. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, lililo wazi juu na chini, hutosha. Kamba mbili za katani hutandikwa ndani, majani hushindiliwa kwa miguu hadi sanduku lijae, kamba hufungwa na roboto huchomolewa. Likishindiliwa vizuri huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Faida ya roboto si urembo. Mfugaji anayejua ana marobota mangapi anajua pia siku ambayo yataisha.

Kwa ambaye hana kabisa siku za jua, au ana mabingobingo na majani ya Guatemala ambayo mashina yake manene hayakauki vizuri, hei iachwe. Hayo yakatwekatwe, yachanganywe na molasi kidogo, yashindiliwe kwenye mifuko mizito ya plastiki isiyopitisha hewa na kuachwa yachachuke kwa wiki 3 hadi 4. Saileji haijali mawingu. Adui yake ni panya anayetoboa mfuko.

Protini iliyokwisha kuwapo

Hata hei nzuri ya Julai haitazidi sana asilimia 7 au 8 za protini. Ng'ombe hatakonda, lakini maziwa yatakuwa machache. Hapa ndipo nafasi ya lusini ingekuwa, na hapa ndipo pwani ina majibu yake yenyewe.

Katika kituo cha utafiti cha Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, watafiti wa Kenya na wenzao wa taasisi za kimataifa za mifugo walifanya kazi kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa wafugaji wadogo wa pwani, wenye minazi, mihogo na mahindi kama wa Mafia. Mimea waliyoishughulikia pamoja na mabingobingo ilikuwa ni lukina, glirisidia na klitoria, ule mmea unaotambaa wenye maua ya bluu ambao wengine huupanda uani kama pambo. Lukina ilipata pigo mwaka 1992, wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi yake walipoingia Kenya, na toka hapo imekuwa busara kutoitegemea peke yake. Isitoshe ina kemikali inayowanyonyoa nywele wanyama wakila nyingi. Theluthi moja ya chakula iwe mwisho.

Glirisidia ndiyo inayoonekana kufaa zaidi mchanga wa pwani. Huvumilia tindikali, hupandwa kwa kuchomeka fimbo ardhini wakati wa mvua, na ikipandwa kama ua wa shamba haichukui ardhi ya mtu. Majani yake makavu yana protini ya asilimia 20 na kitu, sawa na lusini au zaidi. Tena majani hayo, tofauti na nyasi, hukauka haraka: matawi yaliyokatwa asubuhi na kutandazwa juu ya turubai au jamvi huwa yameachia majani kesho yake. Harufu yake huwakimbiza ng'ombe wageni, hivyo huanzwa kwa kiasi kidogo kilichonyaushwa siku moja na kuchanganywa na chakula walichokizoea. Kwa anayetaka mkunde wa kupanda ndani ya nyasi zenyewe, stailo na sentrosema huvumilia mchanga wenye tindikali ambao lusini hauwezi.

Na kuna chanzo kingine ambacho Mafia hukitazama kikipakiwa melini. Mbata ikikamuliwa mafuta, mashudu yake yana protini ya asilimia 20 hivi. Kisiwa kinapouza mbata au nazi nzima, protini hiyo huondoka nayo na kwenda kulisha ng'ombe wa mwingine. Kikundi kinachokamua mafuta hata kwa mashine ndogo hubaki na mashudu nyumbani, ilimradi yasikae muda mrefu kwa sababu mafuta yaliyobaki huvunda.

Hesabu ya ng'ombe watano

Tuchukue mfugaji wa Kirongwe mwenye ng'ombe watano wa asili, kila mmoja kilo 250. Ng'ombe wa uzito huo hula kama kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Nusu ataipata mwenyewe malishoni. Nusu nyingine, kilo 3, ipatikane bandani. Kwa siku 90 ngumu za mwaka ni kilo 270 kwa ng'ombe, na kwa watano ni kilo 1,350, yaani marobota 68. Ongeza machache ya kuharibika, yawe 75. Kata moja iliyotunzwa ya ekari moja hadi moja na nusu inaweza kuyatoa. Kwa protini, kilo moja ya majani makavu ya glirisidia kwa kila ng'ombe kwa siku ni kilo 450 kwa msimu.

Je, si rahisi kuagiza hei kutoka bara? Shamba la serikali la mbegu za malisho la Vikuge, wilayani Kibaha, lipo katika mkoa huo huo wa Pwani. Hapa bei za mfano tu zinasaidia kufikiri. Tuseme roboto la nyasi la kilo 20 ni Sh5,000 na la lusini Sh14,000. Katika la nyasi kuna kilo 1.4 za protini, katika la lusini kilo 3.6. Kabla ya nauli, kilo ya protini ni Sh3,571 kwa nyasi na Sh3,889 kwa lusini. Nyasi ni nafuu. Sasa weka Sh3,000 kwa kila roboto kwa ajili ya gari hadi Nyamisati, chombo hadi Kilindoni, na wapakiaji pande zote mbili. Nyasi zinapanda hadi Sh5,714, lusini Sh4,722. Bahari imegeuza hesabu.

Maana yake ni kwamba nyasi hazifai kuvushwa bahari. Chombo hutoza nafasi na uzito, nacho hakijui kilichomo ndani ya roboto. Kama ni lazima kitu kivuke, kiwe kile kilichobeba protini nyingi kwa kilo, na katika orodha hiyo mashudu ya pamba na ya alizeti humtangulia lusini. Marobota nayo huchukua nafasi kubwa kwa uzito mdogo, na wimbi moja la chumvi juu ya mzigo usiofunikwa huharibu safari nzima.

Mnazi wa nani, majani ya nani

Ekari moja ya hei inahitaji kitu ambacho mbegu na mundu havinunui: ikubalike kwamba majani yale yana mwenyewe. Hapa Mafia inafanana na pwani nyingine. Mnazi una mwenyewe, ardhi iliyo chini yake inaweza kuwa ya ukoo, na majani yaliyojiotea yamezoeleka kuwa ya ng'ombe yeyote anayepita. Mtu akifunga kipande toka Mei hadi Julai ili kukata hei, kwa macho ya jirani amefunga malisho ya wote. Akipanda stailo ya miaka 4 chini ya minazi ya shangazi yake, na shangazi akafariki, warithi watataka kujua hiyo ni mali ya nani.

Mambo haya huzungumzwa kabla, si baada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitambua miliki ya kimila na kuipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010 inahusika na kutenga na kutunza maeneo ya malisho. Lakini karatasi ya makubaliano kati ya mfugaji na mwenye minazi, yenye majina ya mashahidi wawili na iliyopita kwa mwenyekiti wa kijiji, huzuia ugomvi mwingi kabla haujafika kwa mwanasheria.

Mwenye minazi naye ana lake la kudai, na ni haki yake. Nazi iliyoanguka ndani ya majani marefu haionekani, huota au huibwa. Kwa hiyo duara la mita 2 kuzunguka kila mti lifyekwe wakati wote. Minazi michanga isifanyiwe mchezo huu kabisa: ng'ombe huila, na nyasi hunyang'anyana nayo maji. Minazi iliyopita miaka 25 au 30, ambayo ndiyo mingi kisiwani, huwa imerefuka na kuachia mwanga wa kutosha kufika chini. Kwa nafasi ya mita 9 kwa 9, ekari moja ina minazi kama 50, na katikati yake kuna uwanja ambao kwa sasa hauzalishi kitu isipokuwa kazi ya kufyeka. Mfugaji anayefyeka na kuondoka na majani amempunguzia mwenye minazi gharama hiyo. Akirudisha na samadi, kikapu kimoja kwa kila mti baada ya kila kata, anakuwa amelipa kodi ya ardhi bila kutoa shilingi, kwani kila roboto linalotoka shambani huondoka na potasiamu ambayo mnazi huihitaji kuliko mazao mengi.

Fimbo za glirisidia huchomekwa mvua zikianza, na anayezichomeka wakati wa vuli, Novemba, ataanza kuvuna majani mwaka unaofuata. Urefu wa fimbo uwe mita moja na nusu, unene wa kifundo cha mkono, robo yake ardhini, na katika mwaka huo wa kwanza mbuzi wakae mbali.